Kuanzia Kumi Hadi Moja: Namna ya Kumlisha Boa wa Mchanga, Mzaliwa wa Kwetu

Mwambie mzee wa Griftu kwamba kuna watu wanaomlisha nyoka nyumbani, atakutazama kama mtu aliyepigwa na jua. Huku magharibi mwa Wajir nyoka hulishwa fimbo, tena bila kupimiwa. Lakini mpigie simu binamu yako aliyehamia Minneapolis, umuulize majirani zake wanafuga nini. Usishangae akikwambia kuna kijana anayeweka panya kwenye friji, pembeni ya maziwa, kwa ajili ya nyoka wake. Na usishangae zaidi akikutajia jina la nyoka mwenyewe: boa wa mchanga wa Kenya.

Naam, wa Kenya. Huyu ni mzaliwa wa nchi kame kama yetu, na ni mmoja wa nyoka wadogo wanaopendwa sana na wafugaji wa Marekani na Ulaya. Wageni wanajua anakula nini, anataka joto gani, na siku gani hataki kuguswa. Sisi wenye mchanga tunajua tu mahali pa kumpiga. Mimi naona aibu hiyo itoke leo. Haya hapa mambo kumi ya kumlisha na kumtunza, kuanzia la kumi kushuka hadi la kwanza, na la kwanza ndilo zito kuliko yote.

10. Kwanza tujue tunamzungumzia nani

Ukitafuta habari za kufuga nyoka, utakutana mapema na nyoka-mfalme wa Amerika ya Kaskazini. Anaua kwa kubana, hana sumu ya kumdhuru mtu, na amepewa ufalme kwa sababu anakula nyoka wenzake, hata wale wenye njuga mkiani, ambao sumu yao haimtishi. Najua unachowaza: tuletewe wawili watatu, watusafishie Wajir. Tulia, abti, mjomba wangu. Mfalme huyo hana kiti huku, na utaona kwenye namba tisa alivyofanya alipopelekwa kwa watu.

Wetu ni mfupi, mnene, hana shingo ya kueleweka, na mkia wake ni butu kiasi kwamba ukimkuta amelala utauliza kichwa kiko wapi. Rangi yake ni ya machungwa au manjano, na mgongoni ana mabaka ya kahawia. Dume ni mwembamba na mara nyingi hufika sentimita 40 tu. Jike anaweza kupita 60. Mswidi Carl Linnaeus alimpa jina la kitaalamu mwaka 1758, miaka 141 kabla ya reli kufika Nairobi. Kwa hiyo usiseme nyoka huyu hajulikani. Anajulikana, ni sisi tuliochelewa kutambulishwa.

9. Nyumba ndogo, kifuniko kikali

Boa wa mchanga haombi jumba. Sanduku la kioo au la plastiki lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30 hivi linamtosha dume. Jike mkubwa mwongezee, afike 90 kwa 45. Hapandi miti, kwa hiyo mtafutie upana kuliko kimo. Kila mmoja alale kwake. Kwa nyoka-mfalme hilo halina mjadala, maana ukiwaweka wawili pamoja, asubuhi unaweza kumkuta mmoja, tena ameshiba.

Sasa kifuniko. Kiwe na matundu ya hewa na kifungwe kwa komeo, usitegemee jiwe la kugandamizia. Nyoka ana usiku mzima wa kutafuta upenyo, na wewe una usingizi. Waulize watu wa Gran Canaria, kisiwa cha Uhispania kilicho karibu na pwani ya Afrika. Nyoka-mfalme wa California waliotoka mikononi mwa wafugaji wakaingia porini, wakazaana, na sasa wanawamaliza mijusi wakubwa wa kisiwa hicho, ambao asili yao ni hapo tu. Serikali inahangaika na mitego hadi leo. Yote hayo yalianza na mnyama wa kufugwa aliyetoka sandukuni.

8. Kitanda cha kujifukia

Nyoka huyu asipojifukia hana raha. Wafugaji humwekea maranda ya mbao laini ya mti uitwao aspeni, kina cha sentimita 7 hadi 10, naye huzama humo siku nzima. Maranda ya mwerezi hapana: harufu nzuri ile inayofukuza nondo kabatini inatoka kwenye mafuta yanayomdhuru nyoka.

Na mchanga je, si ndiyo kwao? Ni kwao, ila mchanga wa porini una nafasi na upepo, na wa sandukuni unabaki hapo hapo na uchafu wake. Nyoka akimeza panya aliyelowa huku mchanga umemganda, tumbo linaweza kuziba. Anayetumia mchanga huweka chakula juu ya kigae au ubao. Na yeyote asichote mchanga wa kando ya barabara ya Wajir: huo una dizeli ya malori kuliko mchanga.

7. Joto la pande mbili

Hapa ndipo wafugaji wa nchi za baridi wanapotoa pesa. Nyoka hazalishi joto lake mwenyewe. Analitafuta nje, na bila joto hawezi kusaga chakula. Kwa hiyo hununua mkeka wa umeme wa kupasha joto, wakaulaza chini ya upande mmoja wa sanduku, wakaufunga na thamosteti. Upande wa joto uwe nyuzi 32 hadi 35, upande wa pili uwe 25 hadi 27, na nyoka mwenyewe achague. Kipimajoto kiwekwe pande zote mbili, kwa sababu mkono wa mtu hauaminiki.

Griftu hatuna haja ya mkeka. Jua letu halinunuliwi kwa tokeni za umeme. Lakini usijisifu haraka, maana hatari yetu ni ya upande wa pili. Sanduku la kioo likiachwa juani mnyama atapikwa humo muda mfupi tu. Porini, jua likichachamaa, boa hushuka chini ya mchanga, kwenye shimo la panya au chini ya jiwe, palipo na ubaridi. Sandukuni hana pa kushukia. Upande wa baridi ndio unaomweka hai.

6. Maji kidogo, usafi mwingi

Bakuli moja dogo, zito, lisilopinduka. Basi. Huyu ni mnyama wa nchi ambayo watu hukesha kwenye visima wakisubiri zamu; hahitaji kuletewa bauza. Maji yakimwagika na maranda yakabaki mbichi, magamba ya tumboni huoza na mapafu huugua. Badilisha maji mara kwa mara, toa kinyesi siku hiyo hiyo, na osha bakuli kwa sabuni.

Na wewe nawa mikono, kabla na baada. Wanyama wa jamii ya nyoka na mijusi hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima kabisa, na bakteria hao huwaharisha watoto wadogo vibaya sana. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano si nyumba ya nyoka. Hooyo, yaani mama, alishasema hivyo kabla ya madaktari, ingawa yeye alitaja sababu nyingine.

5. Panya, na tena panya

Tumefika jikoni, kaa vizuri.

Boa wa mchanga hali nyirinyiri, ile nyama yetu iliyokaushwa, hali ugali, na maziwa hanywi hata yawe ya ngamia. Anakula mnyama mzima, na mifupa yake, kwa kuwa ndani ya mifupa ndimo ilimo kalisi anayoihitaji. Kipimo ni rahisi: unene wa panya usizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Mtoto wa boa hupewa panya mchanga asiyeota manyoya kila baada ya siku 5 hadi 7. Mkubwa hupewa panya mmoja wa saizi yake kila baada ya siku 10 hadi 14. Ndiyo, umesoma sawasawa: mlo mmoja kwa wiki mbili. Ukimlinganisha na mbuzi wako anayekula hadi katoni, hapa umepata nafuu.

Wafugaji makini hutumia panya waliofugwa kwa kazi hiyo, wakauawa na kugandishwa. Humtoa panya kwenye barafu, wakamwacha usiku kucha kwenye friji, kisha wakamweka ndani ya mfuko na kuuchovya kwenye maji ya moto hadi mwili wake uwe na joto la mnyama hai. Asiingizwe kwenye maikrowevu, labda kama una hamu ya kupangusa kuta. Kwa nini asiwe hai? Kwa sababu panya ana meno. Panya hai aliyeachwa na nyoka asiye na njaa anaweza kumtafuna nyoka hadi afe.

Panya wa kukamata nyumbani pia hapana. Ana minyoo, na huenda jana alikula sumu mliyonunua sokoni. Sumu ile haiishii kwa panya. Humfuata na anayemla.

Sasa tazama anavyokula, maana hapa ndipo mtu anaposahau kuogopa. Macho yake mawili madogo yanachungulia, na mwili wote umezikwa. Mchanga umetulia. Mfugaji anamsogeza panya kwa koleo refu, taratibu, mbele ya yale macho. Kufumba na kufumbua, mchanga umepasuka: kichwa kimetoka ubavuni, kimemnasa panya, na mwili umeshamzunguka mara mbili, umekaza. Kisha kimya. Baadaye anaachia, anatafuta kichwa cha panya kwa ulimi, na kuanzia hapo humeza, ili miguu na manyoya vilale kwa nyuma visimkwaruze. Taya zinatembea kwa zamu, upande huu ukivuta, upande ule unashika. Mwisho anapiga miayo miwili, anarudisha taya mahali pake, na kuzama tena. Hajasema bismillahi, lakini hakuacha makombo.

4. Akishiba, mwache

Siku mbili baada ya mlo usimguse. Ukimbeba ametoka kula, atamtapika panya, na kutapika humchosha nyoka kuliko njaa. Dume naye, msimu wa kutafuta jike, anaweza kukataa chakula kwa wiki kadhaa. Usimlazimishe. Mpime uzito, kama haupungui sana na hapumui kwa kukoroma wala hana mate mdomoni, mwache na mapenzi yake.

Ukiona macho yamekuwa na ukungu wa buluu, anakaribia kujivua gamba. Siku hizo haoni vizuri, hana subira, na hataki salamu. Mwekee kikopo chenye kitambaa kilicholowa ndani ya sanduku ili ngozi ilainike. Gamba zuri hutoka zima kama soksi iliyogeuzwa. Likibaki vipande vipande, hasa machoni na kwenye ncha ya mkia, ujue hewa ilikuwa kavu mno. Na usilibandue kwa kucha.

3. Hesabu miaka kabla hujahesabu pesa

Watu hununua mnyama kama wanavyonunua simu, wakidhani mwakani watabadilisha. Boa wa mchanga akitunzwa huishi miaka 20 na zaidi. Kijana anayemchukua akiwa kidato cha kwanza atakuwa naye hadi awe na watoto wa kidato cha kwanza.

Na yeye pia ana watoto. Nyoka-mfalme hutaga mayai. Boa wa mchanga huzaa. Jike hubeba mimba kwa miezi minne au zaidi, kisha akatoa watoto hai, mara nyingi kumi au zaidi kwa mkupuo. Wanazaliwa wanajua kujifukia na kuwinda, na mama hawanyonyeshi wala hawafunzi. Maana yake, mfugaji mwenye nyoka mmoja anaweza kuamka na sanduku lenye kumi na tano, na kila mmoja anataka panya wake na chumba chake.

Sisi Waislamu tumesomeshwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, na akaadhibiwa kwa ajili hiyo. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Sijaona mahali sheria hiyo iliposema paka peke yake. Aliye ndani ya sanduku lako hana mwingine wa kumwomba chakula. Huyo ni amana, hata kama hana masikio.

2. Karatasi, karatasi, karatasi

Sasa usikimbilie nyuma ya nyumba na ndoo. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na boa wa mchanga ni mnyamapori kama twiga. Kumkamata, kumfuga au kumuuza bila kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, ni kosa. Kumtoa nje ya nchi kuna mlango mwingine tena: maboa wote wako kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na bila hati zake mzigo unazuiwa uwanja wa ndege, na mwenye mzigo pia.

Wengi wa wale wanaouzwa Marekani leo wamezaliwa huko huko, kwenye masanduku, vizazi na vizazi. Kwa hiyo binamu wa Minneapolis akitaka mmoja, amtafute huko kwa mfugaji anayeaminika. Asikutumie pesa umkamatie.

Na wewe unayetaka kumwona bila kesi, nenda bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Taifa pale Nairobi. Au shuka pwani hadi Bio-Ken ya Watamu, kituo kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, ambacho kimewafundisha watu wengi kuhusu nyoka na matibabu ya aliyeumwa. Utaona, utauliza, utarudi na vidole vyote kumi.

1. Usiguse usichokijua

Hili ndilo lililonifanya niandike yote yaliyotangulia.

Mchanga ule ule unaomficha boa unamficha pia kipiribao mdogo mwenye sumu kali, ambaye wataalamu humwita Echis. Amejaa kaskazini mwa Kenya. Miaka ya 1970, karibu na mlima mdogo wa Moille upande wa Marsabit, wakusanyaji walipata karibu 7,000 kwa miezi minne. Huyu ana kichwa kinachotokeza na shingo nyembamba. Akikasirika hujikunja pindo juu ya pindo, akasugua magamba yake ya ubavuni hadi yatoe sauti ya msumeno au mafuta yanayokaangwa. Boa hana shingo, hana msumeno, ana haraka ya kuzama. Ongeza bafe, anayelala njiani bila kumpisha mtu, na swila mwekundu, anayetema sumu machoni. Usiku, kwa tochi ya simu inayokaribia kuzima, tofauti hizo zote zinakuwa kivuli kimoja. Kwa hiyo kanuni ni moja: usimshike nyoka yeyote wa porini, hata ukiapa kwamba ni boa.

Sumu ya Echis huzuia damu kuganda. Ndiyo maana hospitalini humtoa aliyeumwa damu kidogo, wakaiweka kwenye chupa safi ya kioo, wakaiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha wakaiinamisha. Ikimwagika kama maji, sumu inafanya kazi mwilini na dawa inahitajika. Na si kila dawa: ile ya Afrika Kusini inayotibu nyoka wengi haimtibu aliyeumwa na Echis. Nyoka huyu ana dawa yake. Tuwaulize viongozi wa kaunti, kwa sauti na bila kuchoka, kama ile dawa iko kwenye friji za hospitali zetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wengi wao ni wachungaji na wakulima, watu kama sisi.

Mtu akiumwa, mlaze, mvue pete na bangili, funga gango ule mguu au mkono usitikisike, mpeleke hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na lile jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu libaki mfukoni mwa mwenye nalo. Usiku tembea na tochi yenye chaji na viatu vilivyofunika mguu. Ukilala chini, chomeka chandarua chini ya mkeka kila upande.

Na boa je? Yeye ndiye mtunzaji asiyelipwa wa magunia yetu. Panya wanaowavuta Echis na swila karibu na nyumba ndio hao hao boa anaowala. Ukimuua kila unapomwona, umewafungulia panya ghala, na panya hawaji peke yao. Ukimkuta kwenye zizi au karibu na herio, kibanda chetu cha asili, rudi hatua kadhaa, waite watoto wamtazame kwa mbali, waambie jina lake, kisha mwache aende. Akiwa ndani ya nyumba na huna hakika ni nani, toa watu nje na uwaarifu KWS.

Matunzo bora ya boa wa mchanga wa Griftu hayahitaji sanduku, mkeka wala friji. Yeye ana panya wake, wewe una gunia lako. Hapo hakuna anayemdai mwenzake.